Sponji nne chini ya kilo 88

Mtu akiniuliza raba ipi nzuri ya kukimbilia, namrudishia swali: una kilo ngapi, na unakimbilia wapi? Jina lililoandikwa ubavuni halinisaidii kumjibu. Kampuni hiyohiyo moja inatoa raba ya sponji ngumu ya bei ya kawaida, ya sponji laini ya bei ya kutisha, na nyingine kadhaa za katikati, zote na alama ileile. Kinachokubeba ni soli ya kati, yaani ule unene wa sponji ulio baina ya kitambaa cha juu na mpira unaogusa lami. Mimi nina kilo 88, navaa namba 44, nakimbia alfajiri kabla ya kufungua duka langu la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, na sponji nne ninazozitaja hapa nimezikanyaga mwenyewe mpaka nikazijua tabia.

Nauza shokapu na bushi, kwa hiyo sponji naielewa kwa njia hiyo. Springi ya gari ukiikandamiza inakurudishia karibu nguvu yote uliyoitia. Shokapu kazi yake ni kuimeza nguvu hiyo igeuke joto, gari lisiendelee kudundadunda. Sponji ya raba ni springi na shokapu kwa wakati mmoja, na aina moja inatofautiana na nyingine kwa kipimo cha huyu na yule. Ndiyo maana neno "laini" halitoshi. Kuna sponji inazama sana na hairudi, ukiikanyaga unajisikia umeingia kwenye mchanga wa Coco Beach. Kuna inayozama kidogo na kurudi upesi. Na kuna inayozama sana na kurudi kwa nguvu, hiyo ndiyo iliyogeuza marathoni miaka hii.

Tuanze na EVA kwa kuwa ndiyo iliyo miguuni mwa wengi wetu. Kama umewahi kuvaa yeboyebo, umeshaivaa: ni plastiki hiyohiyo, ethilini vinili aseteti, iliyojazwa viputo vidogo vya gesi. Ni nyepesi, haina gharama, inakubali moldi ya umbo lolote, na viwanda vya raba vimeing'ang'ania tangu miaka ya 1970. Hata Hoka, walipoanza Ufaransa mwaka 2009 na zile soli nene watu wakawacheka, hawakuja na plastiki ngeni. Waliiongezea EVA unene, mguu ukakaa ndani yake badala ya kukaa juu yake.

EVA mpya ni tamu. Shida yake ni kwamba viputo vinapokandamizwa maelfu ya mara, kuta zake zinalala na hazisimami tena. Nina kalipa dukani, kile kifaa cha kupimia unene wa bushi, nikaitumia kwenye raba zangu za EVA. Kisigino kilikuwa na milimita 34 zilipokuwa mpya. Msimu ulipoisha upande wa nje ulikuwa 31 na wa ndani 33. Milimita 3 zinaonekana si kitu, lakini zimepotea upande mmoja, na goti linazihesabu. Mpira wa chini ulikuwa bado na meno yake yote. Watu wanageuza raba, wanaangalia meno, wanasema bado nzima. Meno ni ya kuzuia kuteleza tu. Kinachokufa kwanza kwa mtu wa kilo zangu kiko juu ya hayo meno, na hakionekani kwa kugeuza raba.

Halafu kuna joto. EVA hulegea kukiwa na joto na kukakamaa kukiwa na baridi. Huko Ulaya wanalalamika raba kuwa ngumu asubuhi za Januari, sisi Dar tuna shida iliyo kinyume chake. Raba ileile iliyokuwa na msimamo saa kumi na moja alfajiri, ivae saa tisa alasiri kwenye lami ya Barabara ya Nyerere uone inavyozama. Na ikizama zaidi inachoka upesi zaidi.

Sasa kipenzi changu. Mwaka 2013 Adidas walileta Boost, waliyoitengeneza pamoja na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani. Malighafi yake ni TPU, plastiki ngumu yenye mnyumbuko ambayo hata kava za simu hutengenezwa kwayo. Wanachukua punje zake, wanazivimbisha, kisha wanazijaza kwenye moldi na kuzipitishia mvuke wa moto hadi zishikane. Ukiitazama soli ya Boost kwa karibu, punje unaziona mojamoja, nyeupe, zimebanana, hakuna inayofanana kabisa na jirani yake. Septemba 2014 Dennis Kimetto wa Kenya alishinda Berlin kwa saa 2:02:57 akiwa na raba ya Boost, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya saa 2:03. Leo watu wameisahau kwa sababu imehamia mitaani, inavaliwa na jinzi kwenda kula chipsi kuku. Msiidharau.

Boost ina uzito, hilo halina ubishi. Ultraboost yangu kwenye mizani ya dukani ilisoma gramu 340 mguu mmoja. Kanuni inayofahamika ni kwamba kila gramu 100 unazoongeza kwenye mguu zinakudai takriban asilimia 1 zaidi ya nguvu. Ukitafuta muda, hesabu hiyo inauma. Mimi sitafuti muda, natafuta magoti yafike umri wa miaka 60. Na hapo Boost haina mpinzani. Joto la Dar haliitishi, na baridi ya alfajiri kule Moshi nayo haijaibadilisha tabia. Nimepima kisigino kwa kalipa ileile baada ya misimu miwili ya mvua, kimeshuka kwa kiasi ambacho ningeweza kusema mkono wangu ulitikisika. Kitambaa cha juu kilitoboka kwenye kidole gumba, nikampelekea fundi viatu akaweka kiraka, soli bado inadai kazi.

Kwenye barabara ya vumbi na kokoto, upande wa Goba kwa mfano, Boost inahitaji umakini. Inageuka kirahisi ukikanyaga jiwe pembeni. Ni raba ya lami.

Ya tatu ndiyo inayozungumzwa na kila mtu: PEBA. Jina lake refu ni polietha bloku amidi, na watengenezaji wakubwa ni Arkema wa Ufaransa, wanaoiuza kwa jina la Pebax. Baadhi ya aina za Pebax zinatokana kwa sehemu na mafuta ya nyonyo, mafuta yaleyale ambayo bibi zetu walitupaka kichwani na kutunywesha tumbo likifunga. Nike waliitumia wakaiita ZoomX, wakaiweka kwenye Vaporfly mwaka 2017 pamoja na pleti ya kaboni, yaani bapa gumu jembamba, katikati ya sponji. Mwaka huohuo watafiti waliopima raba hiyo katika Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha namba ambazo kila muuza raba anazinukuu nusunusu, basi tuziweke hapa zilivyo.

Walichukua wakimbiaji 18 wazuri na raba za aina tatu: ya majaribio yenye PEBA, moja ya Adidas yenye Boost, na moja ya Nike ya mashindano ya zamani yenye EVA. Wakasawazisha uzito kwa vipande vya madini ya risasi ili gramu zisiharibu hesabu. Walipoikandamiza kila raba kwa mashine, EVA ilirudisha asilimia 65.5 ya nguvu iliyotiwa, Boost 75.9, PEBA 87. Zaidi ya hapo, PEBA ilizama karibu mara mbili ya wenzake, maana yake ilipokea nguvu nyingi zaidi na kurudisha sehemu kubwa zaidi. Wakimbiaji walipopanda kwenye mashine ya kukimbilia na raba ya PEBA, walitumia nguvu pungufu kwa asilimia 4 kwa wastani kuliko walipovaa zile mbili nyingine. Ndipo likatoka lile jina la Vaporfly 4%.

Kinachoachwa wakati wa kunukuu ni mwendo. Wale watu walikimbia kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Mimi nikijitahidi sana niko 10. Utafiti mwingine wa baadaye uliwachukua wakimbiaji kwa mwendo wa kilomita 10 na 12 kwa saa, faida ikashuka hadi karibu asilimia 1. Kwa hiyo ukimwona jamaa wa kitambi Daraja la Tanzanite na raba ya pleti, mwache afurahi, lakini usimwonee wivu.

Raba yangu ya PEBA ni Saucony Endorphin Speed, yenye pleti ya nailoni, si ya kaboni. Mguu mmoja gramu 235. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu barabarani. Unashusha mguu, unahisi umezama, kabla hujamaliza kufikiri umeshasukumwa mbele. Kwenye mbio za Kilimanjaro kule Moshi, ambapo unapanda kuelekea Mweka hadi mapafu yanaomba poo, kisha unageuza na kuteremka, niliithamini zaidi kwenye mteremko. Kuteremka ndiko kunakoua mapaja ya mtu mzito, kila hatua ni kisigino kinapiga lami. Keshoyake nilishuka ngazi za gesti bila kushika ukuta.

Ila siivai kila siku, na sikushauri uivae kila siku kama una uzito kama wangu. PEBA ni laini sana, na ulaini mwingi chini ya mtu mzito unayumba. Kifundo cha mguu kinafanya kazi ya ziada kuushika mguu usilale upande, na kazi hiyo inajulikana jioni. Pili, yenyewe inachubuka. Kwenye raba nyingi za mashindano wamepunguza mpira wa chini ili kuokoa gramu, sponji imeachwa wazi, na kokoto moja ya Goba inatosha kuchimba shimo. Kuna dada wa klabu yetu ya jogingi, kilo 52, anaivaa kila siku na haoni ninachosema. Anasema kweli, na mimi nasema kweli, tunatofautiana kilo 36.

Vijana wa klabu, tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025, hawataki kusikia kitu kisicho na pleti. Nawaelewa. Ila pleti peke yake si uchawi, ni sponji inayofanya sehemu kubwa ya kazi, na shirikisho la riadha la dunia lilishaliona hilo: tangu mwaka 2020 soli ya mashindano ya barabarani haitakiwi kuzidi milimita 40, na pleti haizidi moja. Wangekuwa na wasiwasi na pleti tu wasingepima unene wa sponji. Mbio za kujaza sponji nyepesi ndani ya kipimo hicho hazijakoma. Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia Berlin 2023 kwa 2:11:53 na raba ya Adidas ya gramu 138, iliyouzwa dola 500. Dola 500 dukani kwangu ni shokapu nne za mbele na nyuma, na chenji inabaki.

Ya nne ni zile zinazojazwa nitrojeni, na hapa sitakaa sana. Badala ya kuweka kemikali inayotoa gesi wakati wa kuumua plastiki, kiwanda kinaisukumia nitrojeni kwa shinikizo kubwa, kisha kinaachia shinikizo ghafla, viputo vinatoka vidogo na vya kulingana. Puma wanaita Nitro. Kumbuka tu kwamba nitrojeni ni njia ya kuumulia, haikuambii plastiki yenyewe ni ipi. Velocity Nitro niliyonayo ni ya mazoezi: nyepesi kuliko Boost, ina msimamo kuliko PEBA, na mpira wake wa chini unashika lami iliyolowa kuliko raba yoyote niliyowahi kuvaa. Masika yakianza ndiyo naichukua, kwa sababu ya mpira huo kuliko sponji.

Bei sasa, maana wengi wetu hatununui kwenye boksi. Boost yangu niliitoa soko la Mchikichini kwa elfu sabini, mtumba. Huko ndiko kujua sponji kunakolipa, na wauzaji wanajua kucheza.

Ukifika, achana na kitambaa. Shika raba, weka kidole gumba ubavuni mwa soli chini ya kisigino, kandamiza kwa nguvu na uachie. Sponji iliyo hai inarudi pamoja na kidole. Iliyokufa ama haiingii kabisa, ama inaingia na kubaki na alama. Kisha inamishe raba kwenye mwanga uangalie mikunjo ya kulala, ile mistari inayokwenda sambamba na ardhi. Mistari miwili mitatu myembamba ni kawaida, hasa kwa PEBA, ambayo hukunjamana mapema hata ikiwa nzima. Mikunjo mizito upande mmoja na hakuna upande wa pili, maana yake mwenye nayo wa kwanza alikuwa akilalia upande huo, na utarithi mwendo wake. Ziweke zote mbili juu ya meza, zitazame kwa nyuma. Ikiinama, iache.

Tatizo ni rangi. Wanasugua soli kwa brashi, kisha wanapiga rangi nyeupe, mikunjo inafunikwa. Juzi dogo mmoja ananionyesha pea inayong'aa: "Mzee wangu, hii gredi ya kwanza, ZoomX hiyo, imefunguliwa kwenye belo leo asubuhi." Nikakuna kwa ukucha, rangi ikatoka maganda, chini yake njano. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii umeipaka jana." Akacheka, akaingia chini ya meza, akatoa mfuko mwingine. Mfuko wa pili ndio wa kuangalia siku zote.

Zipo na za kughushi, mpya kabisa na boksi lake. Jina la sponji limeandikwa kwa herufi nzuri, ndani ni EVA ya kawaida. Uzito unawaumbua: raba ya PEBA ya namba yangu isiyofika gramu 250, ya kughushi inafika 300 na zaidi. Kwa Boost tazama punje. Za kweli hazilingani na mistari kati yake inaingia ndani, za kughushi mara nyingi ni moldi iliyochorwa sura ya punje, zote saizi moja.

Na usisahau umri. Kibandiko cha ndani, kwenye ulimi, raba nyingi huwa na tarehe ya kutengenezwa. Mtumba unaweza kuwa umekaa kabatini Ulaya miaka kabla ya kuingia kwenye belo. EVA hukakamaa kwa kukaa tu. Mbaya zaidi ni soli za poliyurethani, zinazopatikana sana kwenye buti za mlimani na raba za zamani: unyevu huvunja plastiki yenyewe polepole, hata kama haijavaliwa. Ngozi ya juu inang'aa, unavaa, baada ya nusu saa soli inabomoka vipandevipande. Kwa hewa ya pwani yetu, buti kuukuu ya aina hiyo siigusi hata kwa elfu kumi.

Ukishanunua, usianike raba juu ya bati. Mpwa wangu alizifua zangu za EVA kwa moyo mweupe, akazipandisha bandani saa sita mchana. Jioni moja ilikuwa fupi kuliko nyingine, na gundi imeachia mbele. EVA husinyaa kwa joto, na bati la Dar mwezi Februari linakaanga yai. Zifue kwa maji ya kawaida, toa soli ya ndani kwa sababu ndiyo inayonywa maji, zijaze magazeti, ziache kivulini penye upepo.

Kwa hiyo: kama uko chini ya kilo 65 na pesa ipo, PEBA bila pleti ngumu itakufurahisha kila siku. Kama ndiyo unaanza na hujui kama utaendelea, EVA mpya ya bei ya kawaida, na uipime kila baada ya miezi michache kuliko kuangalia meno. Kama wewe ni wa kilo zangu, unakimbia lami, na unataka kununua mara moja ukae nayo, tafuta TPU ya punje na uvumilie gramu zake. Boost si pekee, Saucony nao wameweka TPU ya namna hiyo kwenye Triumph za miaka ya nyuma kwa jina la PWRRUN+, na hizo mtumba zinapatikana kwa bei ya chini kwa sababu hakuna anayezijua.

Yule dogo wa Mchikichini nimeshamwachia oda: TPU, namba 44, isiyopigwa rangi. Nimemwambia ikija nyingine yoyote asinipigie simu.